Kiti cha Mtoto Kinachotazama Nyuma, na Namna Kilivyofungwa Banissa

Kiti ninachokichambua hapa kilitengenezwa kwa soko la Marekani, kikatumwa na jamaa wakaao Minneapolis, na kikafungwa ndani ya Toyota Probox huko Banissa, kaunti ya Mandera, upande wa mpaka wa Uhabeshi, kwa ajili ya mtoto wa miezi minne ambaye mpaka siku ile alikuwa akisafiri mapajani mwa mama yake, kama wasafirivyo watoto wengi wa nchi ile. Nimeona yafaa kuieleza kazi hiyo kwa taratibu kwa sababu kitabu cha maelezo kilichofuatana na kiti kiliandikwa kwa kudhani kwamba gari lina vyuma maalumu vya kushikia kiti, na mikanda yenye uwezo wa kujifunga kabisa, ilhali gari lililokuwapo halikuwa na vitu hivyo viwili hata kimoja. Na pale kitabu na gari visipopatana, ndipo mtu hushawishika kutafuta kamba, au mpira wa tyubu kama ule wa kufungia mizigo juu ya paa, na ndipo hatari yote ilipojificha.

Ayeyo wa mtoto, yaani bibi yake, aliyekuwa ameketi kivulini akitazama kiti kikigeuzwa kuelekea nyuma, aliuliza swali ambalo ndilo msingi wa jambo lenyewe: "Mwanangu, mbona mnamgeuza mtoto kinyume cha safari? Mtu hutazama aendako." Ni swali la haki, na jawabu lake limo katika umbile la mtoto mchanga. Kichwa chake huchukua takriban robo ya urefu wa mwili wake, na mifupa ya shingo yake bado ni vipande vilivyounganishwa kwa gegedu, visivyoungana sawasawa mpaka miaka kadhaa ipite. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kwa sekunde moja. Likigonga na kusimama katika muda wa sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtoto wa kilo 7 huvutwa mbele kwa nguvu inayolingana na mzigo wa karibu kilo 100, ambao ni zaidi ya gunia zima la mahindi, na hakuna mikono ya mzazi, hata awe na mapenzi ya namna gani, iwezayo kuushika mzigo huo. Akiwa anatazama mbele katika kiti, mwili utashikwa na mishipi lakini kichwa kitaendelea, na shingo ndiyo itakayolipa. Bali akitazama nyuma, mgongo, shingo na kichwa hupokelewa kwa pamoja na ganda la kiti, na nguvu ile ile ikatawanyika juu ya eneo pana.

Wazo hili si geni. Bertil Aldman, mtaalamu wa Uswidi, alivutiwa na viti vya wanaanga wa vyombo vya Gemini, vilivyowalaza migongoni ili miili yao ihimili msukumo, akaifikisha hikima hiyo katika gari. Kiti cha majaribio cha namna hiyo kilitiwa ndani ya gari la Volvo mwaka 1964, miaka mitano baada ya Nils Bohlin, mhandisi wa kampuni hiyo hiyo, kubuni mkanda wa ncha tatu tunaoutumia hadi leo. Shirika la Afya Duniani husema kwamba viti vya watoto vikitumiwa hupunguza vifo vya wachanga katika ajali kwa asilimia 71. Ayeyo alielezwa habari ya shingo, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi mfungeni vizuri," na kwa maneno hayo akawa amekwisha kutaja nusu ya pili ya sharti, ambayo wengi wetu huisahau.

Jambo la kwanza lililoamuliwa ni mahali. Kiti cha mbele kilikataliwa papo hapo, kwa kuwa mfuko wa hewa uliomo mbele ya abiria hufutuka kwa kishindo na kulipiga ganda la kiti kutoka nyuma, pale pale kichwa cha mtoto kilipo, nao huweza kumuua mtoto ambaye ajali yenyewe isingemuua. Kikachaguliwa kiti cha nyuma upande wa kushoto, nyuma ya abiria, kwa sababu dereva wa kwetu huketi kulia na kiti chake hakina nafasi ya kusogezwa mbele, na kwa sababu upande wa kushoto ndio wa kando ya barabara, ambako mama aweza kusimama na kumfunga mtoto bila kuyapa mgongo magari yapitayo. Katikati ya kiti cha nyuma pangekuwa mbali zaidi na pigo la ubavuni, walakini mkanda wa pale ulikuwa wa kiunoni tu, na kitako chake chembamba kiliinuka kama tuta. Kwa hiyo pembeni palipofungika imara palikuwa bora kuliko katikati palipoyumba.

Hapa sina budi kusema neno juu ya Land Cruiser zile ndefu zenye mabenchi ya ubavuni nyuma, ambazo ndizo zinazosifiwa kuliko gari lolote katika njia za Takaba na Rhamu. Kwa laga, yaani mabonde ya mito ya msimu, na kwa mawe hazina mfano. Ama kwa kiti cha mtoto hazifai kabisa kule nyuma, maana hakuna kiti cha mtoto kilichotengenezwa kwa kukaa ubavu, na mtu atakayekifunga juu ya benchi lile atakuwa amefunga pambo. Probox iliyo duni barabarani, ikiwa na mkanda mzima wa ncha tatu na kiti cha gari kitazamacho mbele, ni salama zaidi kwa mtoto yule kuliko gari lenye thamani mara nyingi zaidi.

Baada ya mahali huja mlalo. Mtoto asiyeweza bado kukishika kichwa chake akiwekwa wima sana, kichwa humwangukia kifuani na njia ya pumzi ikabanwa. Akilazwa mno, kiti hupoteza sehemu ya kinga yake. Kitabu kiliagiza mlalo wa nyuzi zisizozidi 45, na ubavuni mwa kiti ulichorwa mstari ambao sharti uwe sambamba na ardhi. Gari likaegeshwa mahali tambarare, mstari ukapimwa kwa pimamaji ya mwashi wa jirani, na ulipoonekana umeinama, taulo lililokunjwa kwa kubana likatiwa chini ya kiti, penye mkunjo wa kitako na kiegemeo cha gari, kama kitabu kilivyoruhusu. Si kila mtengenezaji huruhusu taulo, na asiyeruhusu afuatwe.

Sasa nafika kwenye mkanda, na hapa nitakawia, kwa kuwa kazi yote ya kufunga kiti ni kazi ya mkanda. Ulipitishwa katika tundu zilizoonyeshwa kwa alama ya buluu, ambazo ni za kutazama nyuma, si zile nyingine za kutazama mbele zilizo juu zaidi. Ulinyooshwa usiwe na msokoto, na ulimi wake wa chuma ukaingizwa katika kifungo hadi ukalia. Mtu asiyejua angeridhika hapo. Lakini mkanda wa gari huwa na gurudumu lililofichika ndani ya nguzo, na gurudumu hilo ni la aina mbili. Aina ya kwanza, mkanda ukivutwa wote hadi mwisho kisha ukaachiwa urudi, husikika ukidundadunda, na tangu hapo hukubali kukaza tu na hukataa kulegea. Huo ndio uliodhaniwa na kitabu. Aina ya pili hunasa tu pale gari linaposimama ghafula, na wakati mwingine wote huachia kwa kuvutwa kwa kidole. Ya pili humfaa mtu mzima, ambaye apenda kuinama na kugeuka, bali kwa kiti cha mtoto haitoshi, maana katika mwendo wa saa moja juu ya barabara ya mawe, kila mrusho huuibia mkanda unyoya mmoja wa ukazo, hata kiti kikabaki kimekaa tu, hakikufungwa. Mkanda wa Probox ile ulijaribiwa kwa kuvutwa wote, haukudunda. Ulikuwa wa aina ya pili.

Dawa yake ilikuwa ndani ya kile kiti chenyewe, katika kitundu cha mgongoni, ambako aghalabu hakuna atazamaye: kibano cha chuma chenye umbo la herufi H, kidogo kiasi cha kutoshea kiganjani. Kazi ilifanywa hivi. Baba wa mtoto alikikandamiza kiti kwa uzito wake, mkono mmoja ndani ya kikalio, huku akiuvuta mkanda wa begani kuelekea juu mpaka ule wa kiunoni ukakaza na kitako cha gari kikabonyea. Kisha akazikamata kwa nguvu sehemu mbili za mkanda, ya kiunoni na ya begani, juu kidogo ya ulimi wa chuma, akaufungua ulimi bila kuziachia, akazipitisha zote mbili katika kibano, kibano kikakaa umbali usiofika sentimita 2 na nusu kutoka kwenye ulimi, ndipo akaurudisha ulimi katika kifungo. Mara ya kwanza uliingia kwa urahisi, na hiyo ilikuwa dalili mbaya. Akavua, akaukaza tena, na safari hii ilimbidi akiegemee kiti kwa kifua ndipo ulimi ukalia. Ugumu huo ndio utakikanao.

Zile kulabu mbili zilizoning'inia kutoka kwa kiti, ambazo ni za kushikia vyuma vilivyolazimishwa katika magari ya Marekani tangu Septemba 2002, zilikunjwa zikafichwa mahali pake. Kijana mmoja aliyekuwapo alishauri zitiwe kwenye bawaba ya kiti cha gari ili "ziongeze nguvu". Nia yake ilikuwa njema, ila bawaba haikujengwa kuhimili mvuto wa ajali, na mkanda uliokazwa vilivyo haupungukiwi na kitu mbele ya kulabu. Ni njia mbili zilizo sawa kwa usalama, na kuzichanganya bila idhini ya kitabu ni kosa.

Mtihani wa mwisho ni mwepesi. Kiti hushikwa pale mkanda unapopita, si juu kichwani, kikatikiswa kwa nguvu ya mtu apeanaye mkono na mwenziwe. Kisiposogea zaidi ya sentimita 2 na nusu kwenda kushoto, kulia, mbele au nyuma, kimefungwa. Sehemu ya juu, iliyo karibu na kichwa, hucheza kidogo, na hilo halina ubaya katika kiti kitazamacho nyuma.

Mtoto naye ana kufungwa kwake. Mishipi ya begani, kwa anayetazama nyuma, sharti itokee usawa wa mabega au chini yake kidogo. Ikazwe hata vidole visiweze kuufinya mkunjo begani. Kibano cha kifuani kiwe usawa wa makwapa. Blanketi haliwekwi chini ya mishipi, hufunikwa juu yake baada ya kufunga. Na katika jua la Banissa, ulimi wa chuma ulioachwa garini mchana huweza kuunguza ngozi ya mtoto, kwa hiyo kiti hufunikwa leso gari likiegeshwa, na chuma hupimwa kwa mgongo wa mkono kabla mtoto hajawekwa.

Vumbi ndilo adui asiyetajwa na kitabu hata kidogo. Likijaa katika kifungo, ulimi huonekana umeingia na kumbe haukunasa. Fundi wa gari, kwa mazoea yake, atataka kutia oili. Asikubaliwe, maana oili huzidi kuvuta vumbi. Kifungo cha kiti huoshwa kwa maji vuguvugu matupu kikaachwa kikauke. Kadhalika, kwa njia zile, mtihani wa kutikisa haufanywi siku ya kufunga peke yake, bali kila kituo gari linaposimama, wakati dereva akizunguka kutazama magurudumu.

Sheria zetu za mkanda zilipata nguvu kwa kanuni za waziri John Michuki za mwaka 2003, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, na tangu hapo fikira ya watu juu ya mkanda imekaa kwa abiria wa matatu na askari wa barabarani. Huko Minnesota, kilikotoka kiti hiki, sheria tangu Agosti 2024 humtaka mtoto atazame nyuma mpaka afikishe angalau miaka miwili, na kanuni ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2013 iliweka miezi 15 kuwa kikomo cha chini. Mzazi wa Banissa asingoje askari amwulize. Amwache mtoto atazame nyuma maadamu uzito na urefu wake haujapita kipimo kilichoandikwa kitini, hata kama miguu imekunjika. Miguu iliyokunjwa haimdhuru.

Nanyi jamaa mlioko Minneapolis, Columbus na kwingineko, mnaotuma viti hivi pamoja na nguo na maziwa: kabla hamjatuma, tazameni tarehe ya mwisho iliyopigwa chini ya ganda, msitume kiti kilichopata kuwa ndani ya gari lililogongwa, na hakikisheni kitabu cha maelezo na kile kibano cha chuma vimo ndani ya katoni.