Mhamaji, Mhamiaji na Kisomo chenye Manufaa: Uhakiki wa Dhana ya Mafunzo ya Lugha na Kazi katika Wilaya za Mbulu na Hanang

Kitenzi hama kimezaa katika Kiswahili nomino mbili zinazokaribiana kwa sauti na kuachana kwa mtazamo. Mhamaji huelezwa kwa tendo la kuondoka; mhamiaji, kwa sababu ya kauli ya kutendea, hubeba ndani yake mahali anapofikia. Lugha ya utawala imeongeza istilahi ya tatu: wafugaji wanaohamahama. Uradidi huo hauonyeshi atokako mtu wala aendako, bali mwendo tu. Kwa Wabarabaig wa Hanang, ambao zamu zao za malisho zilifuata mvua, maji na aina ya nyasi, istilahi hiyo ni hukumu iliyotolewa kabla ya shauri kusikilizwa. Inadaiwa hapa kwamba hukumu hiyohiyo imejipenyeza katika fikra za kumfundisha lugha na kazi mtu asiye na ajira.

Fikra hizo zina chimbuko linalostahili heshima. Kuanzia 1968, mradi uliosaidiwa na UNESCO katika mikoa ya Ziwa ulijaribu kisomo chenye manufaa: mtu mzima alijifunza kusoma Kiswahili kwa kitabu cha pamba, ndizi, ng'ombe au uvuvi, hivyo herufi na kazi vikaingia pamoja. Uamuzi huo ulikuwa wa busara kuliko mafunzo yanayotenganisha darasa la lugha na karakana. Kampeni ya kitaifa iliyoandamana nao ilizaa matunda pia. Kwa takwimu rasmi, watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walipungua kutoka asilimia 67 mwaka 1967 hadi 39 mwaka 1975. Udhaifu haukuwa katika mbinu bali katika msomaji aliyekusudiwa. Kitabu cha pamba humchukulia msomaji kuwa ana shamba la pamba, kikamfunza kuiboresha kazi aliyo nayo tayari. Hakina la kumwambia mtu ambaye shamba lenyewe limechukuliwa.

Pengo hilo linaonekana wazi Hanang. Kisomo kilipokuwa kikienea nchini, tambarare za Basotu zilikuwa zikigeuzwa mashamba ya ngano ya shirika la umma la NAFCO kwa msaada wa Kanada, hatimaye takriban ekari 100,000: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Gawal na mengineyo. Ndani ya eneo hilo mlikuwamo muhajega, malisho yenye rutuba yaliyotegemewa msimu wa mvua. Ngano ililimwa kwa matrekta na kuvunwa kwa mashine, kilimo kisichohitaji mikono mingi. Mfugaji aliyebaki bila malisho hakuwa tena mwanafunzi wa ufugaji bora. Alikuwa mtafuta kibarua katika ardhi aliyoichungia. Katika wilaya hiyohiyo walikuwapo Wairaqw ambao tangu enzi za ukoloni walikuwa wakitoka Irqwar Da'aw, nyanda za juu za Mbulu, kutafuta ardhi. Nani, basi, alikuwa mhamiaji?

Swali hilo lilifika mahakamani kwa sura nyingine. Baraza la Kijiji cha Mulbadaw na wanakijiji 67 waliishtaki NAFCO, wakashinda katika Mahakama Kuu. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ilitengua ushindi huo. Miongoni mwa sababu zake ni kwamba haikuthibitishwa kuwa wadai wote walikuwa wazawa kwa maana ya Sheria ya Ardhi ya 1923. Mtu aliweza kuwa mgeni bila kuhama hata hatua moja. Mhakiki anayeisoma hukumu hiyo sambamba na vitabu vya kisomo hana budi kuona kwamba matini zote mbili zinamtaka mtu athibitishe mahali pake kabla ya kusikilizwa.

Hoja ya kwamba mtu wa namna hiyo "hana ujuzi" nayo inahitaji kupimwa. Eneo linalozunguka hospitali ya Haydom, iliyofunguliwa 1955 katika Mbulu, lina Kiiraqw cha jamii ya Kikushi, Kidatoga cha Kinailoti, lugha za Kibantu, na Kihadza kisicho na jamaa aliyethibitishwa. Kijana anayemudu tatu kati ya hizo anaweza kumwelewesha muuguzi maumivu ya mgonjwa, au mnunuzi kasoro ya ng'ombe mnadani. Huo ni ujuzi wa kazi. Lakini fomu ya kujiunga na mafunzo ikiuliza Kiswahili na darasa la mwisho pekee, ujuzi huo hauna safu ya kuandikwa.

Wala Kiswahili chenyewe hakimpokei kwa mikono mitupu. Jina ambalo wasemaji wengi humwitia Mdatoga, Mang'ati, limetoka kwa Wamasai, na maana yake ni adui. Mwanafunzi wa Kibarabaig hulikuta jina hilo likimsubiri katika lugha anayoambiwa ajifunze ili apate kazi, na hakuna kitabu cha kisomo kinachomweleza limetoka wapi.