Giaboksi ya Mlima

Ukitaka kumjua fundi wa kubadili injini za Land Rover hapa Moshi, usimwulize injini ipi ina nguvu. Msikilize yeye anavyouliza. Anayesema Isuzu au Toyota itaingia tu, mwachie wateja wengine. Fundi ninayemsifu mimi huanza hivi: gari litakuwa la kushusha ndizi za Mwika, au la kwenda Arusha harusini?

Swali hilo lina hesabu ndani yake. Land Rover Series III, iliyoanza kuundwa 1971, ina difu ya 4.7: propela huzunguka mara 4.7 ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Difu hiyo ilikwenda na injini ya lita 2.25 isiyo na papara. Kwa mlimani ni neema. Kutoka mjini hadi lango la Marangu unapanda kama mita 1,000, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu zake kwa sababu ya wepesi wa hewa. Gia fupi hufidia. Lakini shika barabara ya Arusha, kilomita 80 hivi, uone dizeli ya Kijapani isiyopenda mizunguko mingi inavyolia. Wapo wanaofunga ovadrivu ya Fairey kupunguza mizunguko hiyo. Wapo wanaobadili difu, na mlima huja kuwadai.

Kazi yenyewe ya kuunganisha injini hiyo na giaboksi ni bamba. Matundu ya bolti ya injini ya Kijapani na ya giaboksi ya Mwingereza hayakutani, hivyo bamba nene la chuma hukatwa likae katikati yao. Kutoboa matundu ni kazi ya mwanagenzi. Kinachomtoa fundi jasho ni mnyooko: shafti ya giaboksi lazima iingie kwenye beringi ndogo mwishoni mwa krenki bila kwenda upande. Jicho haliwezi kuona kasoro hiyo. Fundi hufunga saa ya kupimia kwenye flaiwili, akazungusha krenki kwa mkono, polepole, akitazama mshale. Ukicheza zaidi ya robo milimita, anafungua upya. Hapo mwenye gari naye huanza kutazama saa yake.

Anayeruka hatua hii haadhibiwi siku hiyohiyo. Gari litawaka, litaondoka, litasifiwa. Baadaye gia itaanza kuchomoka ukiachia mafuta kwenye miteremko ya Kibosho, beringi italia, kitovu cha pleti ya klachi kitapasuka, na lawama zote ataangushiwa dereva.

Pleti hiyo nayo ina vituko. Flaiwili ni ya Kijapani, shafti ni ya Land Rover na meno yake, kwa hiyo kitovu cha pleti moja hung'olewa kikapigwa ribiti kwenye nyingine. Unene wa bamba ukizidi, shafti haifiki kwenye beringi. Ukipungua, shafti inasukuma krenki. Na yote yakikaa sawa, unaweza kugundua kwamba sampu inagonga ekseli ya mbele.

Mimi niko upande wa injini ya wastani. Land Rover za Australia zilizofungwa Isuzu ya lita 3.9 kiwandani, miaka ya 1980, hazikuachiwa giaboksi ya Series; zilipewa ile nzito iliyotoka na Range Rover ya 1970. Kama waundaji wenyewe hawakuiamini ya zamani kwa nguvu hizo, sioni anayejigamba nazo hapa mjini anategemea nini.

Majaribio hufanyika barabara ya Machame, na mifuko ya mchanga nyuma. Kupanda kunapima nguvu tu. Fundi anangoja kushuka: gia ya pili, mguu nje ya mafuta, mkono mbali na gia, asikie kama itachomoka. Akirejea analala chini ya gari, anapapasa giaboksi kama imepata joto kupita kiasi. Bolti za bamba zitakazwa tena gari likishapoa, kazi ambayo kwa kawaida haimo kwenye bei waliyokubaliana.