Alitoa, au Alitolewa? Kuhusu kitabu cha Henrietta Lacks

Kitenzi chetu "kutoa" kina mambo. Mtu hutoa sadaka; daktari naye hutoa jino. Neno hilo lilinisumbua nilipokuwa nasoma *The Immortal Life of Henrietta Lacks*, kitabu cha Rebecca Skloot cha mwaka 2010.

Kisa chenyewe wengi mnakijua. Mwaka 1951, katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, Mmarekani mweusi, mama wa watoto watano, anatibiwa saratani ya shingo ya kizazi. Akiwa kwenye nusukaputi, daktari anakata vipande viwili vidogo vya nyama kwa ajili ya utafiti. Hakuulizwa. Alifariki Oktoba mwaka huohuo, akiwa na miaka 31. Seli za uvimbe wake, HeLa, ziliendelea kuzaana, zikatumika kuijaribu chanjo ya polio, zikauzwa. Familia ilikaa zaidi ya miaka 20 bila kujua.

Kwa hiyo anayesema Henrietta "alichangia" sayansi anakosea. Alitolewa. Anayechangia ni yule aliyeweza pia kusema hapana.

Skloot anaifafanua sayansi vizuri, lakini kinachokibeba kitabu ni Deborah, bintiye Henrietta, aliyekuwa mdogo mno kumkumbuka mama yake. Maabara, anapewa kichupa cha seli zilizogandishwa. Anakisugua viganjani, anakipulizia pumzi kukipasha joto. Jamani, pale nilikiweka kitabu chini kwanza.

Lawama yangu ni moja. Deborah mara anamruhusu mwandishi asome faili la matibabu la mama yake, mara analinyakua. Skloot anauandika ugomvi huo bila kujificha, halafu anasonga mbele. Nilitaka abaki pale. Maana habari za marehemu nazo hutolewa, na anayezichukua safari hii ni mwandishi mwenyewe. Ni haki kusema kwamba alianzisha mfuko wa kuisaidia familia. Hata hivyo, Deborah alifariki mwaka 2009, kitabu hakijatoka.

Kisomeni. Mimi kimenikumbusha fomu niliyowahi kusaini kabla ya upasuaji, nimeshavaa gauni, nesi kanisimamia na kalamu. Sikusoma hata mstari. Mpaka leo sijui nilitoa nini.