Jani Kwanza, Ng'ombe Baadaye

Mvua za itumba, masika ya Rwanda, zikishika mwezi Machi, mfugaji mdogo wa Kigali hupumua. Kabeza, upande wa Kanombe wilayani Kicukiro, nyumba zimesongamana na hakuna pa kuachia ng'ombe achunge. Anayefuga hufuga bandani, na kila anachokula mnyama hubebwa na mtu. Ufugaji wa namna hii ndio ulioubeba mpango wa Girinka, ulioanzishwa mwaka 2006 kwa lengo la kuzipatia familia maskini 350,000 ng'ombe mmoja mmoja. Wengi huusifia idadi ya ng'ombe waliogawiwa. Kwangu, siri yake imo katika mpangilio: kipi kilitangulia na kipi kilifuata.

Wanakijiji hukutana na kukubaliana hadharani nani apewe. Anayechaguliwa sharti awe hana ng'ombe, awe na kiwanja cha robo hadi robo tatu ya hekta, awe amepanda majani na amejenga banda. Masharti hayo mawili ya mwisho ndiyo uti wa mgongo wa mpango mzima. Ng'ombe chotara wa kilo 400 hula walau kilo 40 za majani mabichi kwa siku, na akiwa anakamuliwa anaweza kunywa maji lita 60 na zaidi. Akifika kabla ya majani, familia hulazimika kuyanunua kwa fedha isiyokuwa nayo, na baada ya miezi michache humuuza.

Jani lenyewe ni mabingobingo, ambayo Wanyarwanda huyaita urubingo. Hupandwa kwenye kingo za matuta, ambako mizizi yake huzuia udongo usiteremke na maji ya mvua, kwa hiyo hayali nafasi ya maharage wala viazi. Hukatwa yakifika kama mita moja, na wakati wa mvua huwa tayari tena baada ya wiki sita hadi nane. Ukiyaacha yarefuke zaidi, shina hukakamaa na protini hupungua. Ng'ombe atashiba lakini maziwa hayatatoka. Ndiyo maana wafugaji makini huyachanganya na mikunde kama kaliandra au desmodiamu. Magharibi mwa Kenya wameongeza mbinu ya tumbukiza: mashimo ya kina cha sentimita 60 hivi, yaliyojazwa samadi na udongo, hutunza unyevu na kutoa majani mengi katika eneo dogo.

Itumba huzalisha majani mengi kuliko ng'ombe anavyoweza kula, na kiangazi cha Juni hadi Agosti hakina huruma. Ziada hukatwakatwa, huanikwa kidogo, hushindiliwa na kufungwa hewa isipenye. Baada ya mwezi hivi ni saileji. Familia inayoacha ziada hiyo ikomae shambani itaona maziwa yakikauka Julai.

Mvua hiyo hiyo huleta kupe, na kupe huleta ndigana kali, ambayo huwaangusha chotara wa Friesian haraka kuliko ng'ombe wa asili wa Ankole. Kukaa bandani hupunguza hatari lakini hakuiondoi, kwa sababu kupe husafiri ndani ya majani yaliyokatwa porini. Dawa ya kunyunyizia isikosekane.

Ndama akizaliwa, saa sita za kwanza ndizo zenye uzito. Hazaliwi na kinga mwilini. Huipata kwenye dang'a, na utumbo wake huacha kuipokea baada ya siku moja hivi. Kisha huhitaji kila siku maziwa yenye uzito wa karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wake, hata kama watoto wa nyumbani nao wanaisubiri kata yao. Desturi ya zamani ya Rwanda ilimkataza mwanamke kukamua. Leo ng'ombe yuko hatua chache kutoka jikoni, na kazi nyingi za bandani zimemwangukia mama. Haki inadai kwamba naye awe na kauli juu ya fedha ya maziwa.

Jambo gumu zaidi ni joto. Ng'ombe huingia joto kila baada ya siku 21 hivi, lakini ng'ombe wa peke yake hana mwenzake wa kumpanda, kwa hiyo dalili hubaki kelele, kutotulia na ute angavu. Akionyesha asubuhi, mhimilishaji aitwe ili ahimilishwe jioni. Kituo cha madume cha Masaka, kinachozalisha mbegu, kiko katika wilaya hiyo hiyo ya Kicukiro. Kwa hiyo pengo kubwa si mbegu, bali jicho la nyumbani. Joto likipita bila kuonekana, wiki tatu zimepotea.

Wiki hizo hupotea pia kwa jirani. Mtamba wa kwanza kuzaliwa hupewa familia nyingine iliyo kwenye orodha. Katika ubuhake, mfumo wa zamani wa Rwanda uliofutwa mwaka 1954, aliyepewa ng'ombe alibaki kumtumikia aliyempa. Girinka iliugeuza mwelekeo wa deni: hulipwa kwa maskini mwingine, wala si kwa mkubwa. Lakini mnyororo huu una udhaifu wake. Mimba huchukua miezi tisa, na takriban nusu ya ndama ni madume. Familia ikipata dume kwanza, jirani atasubiri uzao mwingine, yaani zaidi ya mwaka.

Kwa hiyo mpango kama huu usipimwe siku ya kugawa ng'ombe. Upimwe kwa mambo matatu: akiba ya majani itumba inapoisha, tarehe ya joto iliyoandikwa ukutani, na idadi ya mitamba iliyokwishavuka ua kwenda kwa jirani. Anayetaka kuuiga, Tanzania au Kenya, aanze kwa kugawa vipando vya mabingobingo, msimu mmoja kabla ya ng'ombe.