Kuunga kwa Kusugua

Tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma kwa kishindo mwaka 2016, ikitekeleza uamuzi wa 1973, mji umejaa madirisha ya alumini. Pita kwa mafundi wanaoyaunda utaona msumeno, drili, skrubu na ribiti. Mashine ya kuchomelea iko kwa jirani anayetengeneza mageti ya chuma. Wana sababu nzuri. Alumini huyeyuka kwenye nyuzijoto 660, lakini ikiguswa na hewa huvaa utando mwembamba wa oksidi usioyeyuka mpaka zipite nyuzi 2,000. Ndani kumeshalegea, ngozi bado imekaza. Zikikutana aloi mbili tofauti, kazi inakuwa ngumu zaidi: 6061 yenye magnesi na silikoni huchomeleka, ila 7075 yenye zinki, imara kama ilivyo, ikiyeyushwa hupasuka inapoganda.

Hapo ndipo ninapouheshimu ufundi wa kuunga kwa msuguano. Fimbo moja hufungwa kwenye mashine iliyo ndugu wa ile ya kukerezea, ikazungushwa kwa kasi. Ya pili hushikwa tuli na kusukumwa hadi nyuso zigusane. Hakuna waya wa kujazia, hakuna gesi. Nyuso zinasuguana, zinapata moto, zinalainika bila kuyeyuka. Kisha mzunguko hukatwa ghafla na msukumo huongezwa. Alumini laini hubanwa nje, ikajikunja kuwa kola kuzunguka kiungo, na ule utando sumbufu huvunjika ukatoka nayo. Zinazobaki zikitazamana ni nyuso safi, nazo hushikana. Kwa fimbo nyembamba, yote hayo ni sekunde chache.

Elimu ya joto la msuguano si ngeni katika nyanda hizi. Wahadzabe wa Bonde la Eyasi hupekecha moto kwa kijiti kati ya viganja, mikono ikishuka huku inakandamiza. Ukikandamiza mno kijiti kinagoma. Ukilegeza, mti unang'aa tu bila kutoa kaa. Fundi wa mashine naye anatafuta mizani hiyohiyo, ila kwake kuna shida ya ziada: aloi zake hazilegei pamoja. Ile laini hukubali mapema na kutoa kola kubwa, ngumu inatoa kidogo. Ndiyo maana fundi mzuri huisoma kola kabla ya kupima chochote. Tena joto lililounga huivunjia 6061 ugumu wake pembeni mwa kiungo, kwa hiyo kipande kikivutwa mara nyingi hukatikia hapo, kwenye aloi dhaifu, kiungo chenyewe kikiwa kizima.

Malori yanayopita hapa kuelekea Singida yameubeba ufundi huu kwenye injini. Valvu nyingi za ekzosti zina kichwa cha chuma kinachovumilia moto na mguu wa chuma kingine kinachovumilia kusuguliwa, vikiwa vimeungwa kwa njia hii, kola ikakerezwa.

Ningependa vijana wa VETA Dodoma waujue kwa mikono yao. Mashine kuukuu ya kukerezea, ikiongezewa breki kali na jeki ya haidroliki ya kusukuma, pamoja na kizuizi madhubuti cha kuwakinga, inatosha kuanzia. Na fimbo za majaribio wazikereze wenyewe kutoka kwenye alumini chakavu.