Faili la Programu: Namna ya Kulikagua Kabla ya Kulifungua

Mkaguzi mzuri wa mafaili haanzi na antivairasi. Anaanza kwa kuuliza: limetoka kwa nani, na limepita mikono ya nani mpaka kunifikia? Katika kisiwa cha Chisenga, wilayani Nchelenge nchini Zambia, swali hilo lina uzito wake. Palipo na bando ghali na mtandao wa kusuasua, programu husafiri kwa mashua, ndani ya flashi au simu ya mtu, ikitoka Kashikishi au ng'ambo ya Ziwa Mweru upande wa Kongo. Faili la namna hiyo laweza kuwa zima kabisa. Ila kila kompyuta lilikopitia ilipata nafasi ya kuliongezea kitu.

Hatari hii si ya kubuni. Mwaka 2023 watafiti wa kampuni ya Mandiant walieleza juu ya Sogu, kirusi cha kijasusi kinachoenea kwa flashi. Afrika ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika, Tanzania, Kenya na Zimbabwe zikiwemo, na sehemu za kuchapishia nyaraka pamoja na vyumba vya intaneti vilitajwa kuwa vituo vya kuambukizana. Mtu anakwenda kuchapisha barua moja, anarudi na mgeni asiyemjua.

Basi flashi ikichomekwa, usibofye chochote. Tazama kwanza. Ukikuta ikoni moja tu yenye jina la flashi yenyewe na kishale kidogo kwenye kona yake, na nyaraka zako zote hazionekani, hiyo ni njia ya mkato iliyotegwa. Nyaraka mara nyingi zipo, zimefichwa tu, na ukikibofya kishale zitafunguka kama kawaida huku kirusi kikianza kazi nyuma yake. Wengi wanaridhika kwa sababu hiyo hiyo: faili limefunguka, basi kuna ubaya gani?

Kisha soma jina lote. Windows kwa kawaida huficha herufi za mwisho za jina, hivyo faili liitwalo Matokeo.pdf.exe utaliona kama Matokeo.pdf, na ikoni ya kitabu chekundu juu yake. Nenda kwenye View, washa File name extensions, na uache hivyo siku zote. Faili linaloishia kwa .exe, .scr, .msi au .bat linaendesha amri, na kwenye simu ndivyo lilivyo linaloishia kwa .apk. Ikoni haithibitishi lolote, maana mtengenezaji huchagua aitakayo. Mnunuzi wa chisense, samaki wadogo wa ziwani, hapimi gunia zima kwa samaki wa juu. Hupenyeza mkono mpaka chini kutafuta mchanga.

Saini ya kidijitali ni ushahidi bora kuliko ikoni. Bofya faili kwa kitufe cha kulia, ingia Properties, tafuta Digital Signatures. Jina la msaini liwe la mtengenezaji unayemtarajia, na Windows iseme saini ni halali. Hata hivyo, usiiabudu. Mwaka 2017 toleo la 5.33 la CCleaner, programu ya kusafisha kompyuta, lilitoka kiwandani likiwa na saini halali na kirusi ndani, likawafikia watumiaji wapatao milioni 2.27. Nayo Sogu huja na programu halisi ya kampuni inayoheshimika, ikiwa imewekewa faili baya la .dll pembeni ambalo programu hiyo hulipakia bila kujua. Kwa hiyo ukague na majirani wa faili ndani ya folda. Programu ya kufungulia video haina sababu ya kukaa na mafaili matatu ya majina yasiyoeleweka.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote, na kinachomfaa zaidi mtu wa visiwani, ni heshi. Hakihitaji mtandao kukitoa. Fungua dirisha la amri, andika certutil -hashfile, jina la faili, halafu SHA256. Kompyuta itasoma faili lote na kukupa alama 64 za tarakimu na herufi a mpaka f. Ikibadilika hata herufi moja ndani ya faili, heshi yote hugeuka. Alama 64 zinaenea vizuri kwenye ujumbe mfupi mmoja wa simu, ambao hubeba 160. Mtumie ndugu yako aliye Mansa au Lusaka penye mtandao mzuri, alinganishe na heshi iliyotangazwa na mtengenezaji mwenyewe. Ninyi wawili mmelikagua faili la megabaiti mia tano bila kutumia bando la kulipakua upya.

Kama mtengenezaji hakutangaza heshi, ndugu huyo aitafute kwenye VirusTotal, huduma iliyoanzia Hispania mwaka 2004 na kununuliwa na Google mwaka 2012. Huko faili hupimwa na antivairasi zipatazo 70 kwa mpigo. Kuandika heshi hakupeleki faili lenyewe, jambo la maana sana kwa kompyuta ya kliniki au ya ofisi, kwa sababu faili likipandishwa pale wengine wanaweza kulipata.

Kusoma majibu yake kunataka busara. Antivairasi 40 zikipiga kelele, futa. Moja au mbili zisizojulikana sana zikilalamika, mara nyingi ni kengele ya uongo, ila tafuta nakala nyingine kwanza. Sifuri haina maana ya usalama. Ina maana kwamba hakuna aliyelitambua mpaka leo. Na jibu ambalo wengi hulipuuza ndilo linalonitisha: heshi haipo kabisa. Programu inayotumiwa na mamilioni ya watu kwa kawaida imeshapita pale. Ukiambiwa nakala yako haijawahi kuonekana pale, huenda imeguswa au imeharibika njiani, na usiifungue.

Lipo kundi moja la mafaili nisilolipotezea hata dakika ya ukaguzi. Ni yale ya kuvunja leseni, ya kuwasha Office au Windows bila kulipa, yanayokuja na maelekezo ya kuzima antivairasi kabla ya kusakinisha. Ninajua bei ya programu halali inavyomwelemea mwalimu au mwenye duka, na silaumu mtu kwa kukosa pesa. Lakini LibreOffice ni ya bure na inafungua nyaraka zile zile za Office. Inakiliwe mara moja kutoka kwa mtengenezaji mwenyewe, heshi yake ihifadhiwe kwenye daftari la kawaida la karatasi, na kila nakala itakayovushwa baadaye kwa flashi ilinganishwe na daftari hilo.