SMSL SU-1: Kiboksi cha Kiganjani, na Saida Karoli Yuko Sebuleni

Jamani, hiki kiboksi kimeniacha hoi! Kimeshuka jana jioni na basi lililotoka Kampala kupitia Mutukula, na tangu nilipokiwasha sijakizima. Kinaitwa SMSL SU-1, kinatoka China, kinaenea kiganjani, na mtandaoni kinauzwa chini ya dola 100 za Marekani. Kama una sabufa au amplifaya ya zamani hapa Bukoba, pale Kashai au Hamugembe, au kule Kamachumu, habari hii ni yako.

Ni DAC, yaani kifaa cha kugeuza namba kuwa sauti. Wimbo ulio kwenye simu au flashi ni namba tupu. CD ilipoingia sokoni mwaka 1982 ilipangiwa namba 44,100 kwa kila sekunde, upande wa kulia na wa kushoto, na nyimbo nyingi mpaka leo zinafuata kipimo hichohicho. Lazima pawe na kitu cha kuzigeuza namba hizo kuwa umeme unaopanda na kushuka, ndipo spika itikisike. Simu yako inacho, laptopu inacho, televisheni inacho. Shida ni kwamba kwenye laptopu nyingi za bei nafuu kimebanwa katikati ya vitu vinavyotoa kelele za umeme, na kelele hizo zinaingia moja kwa moja kwenye muziki.

Nimeanza na Maria Salome ya Saida Karoli, mwimbaji wetu wa Kihaya, ya mwaka 2001. Ukiwa Bukoba utaanza na nini kingine? Wimbo huu tumeusikia harusini, kwenye mabasi, kwenye redio ya jirani, lakini hivi, hapana! Sauti yake imesimama katikati kabisa ya sebule. Waitikiaji wamejipanga pembeni. Anavuta pumzi kabla ya mstari, na pumzi ile unaisikia. Ngoma ikipigwa unatofautisha mkono ulipogusa ukingoni na ulipogusa katikati ya ngozi. Nikaweka Salome ya Diamond Platnumz na Rayvanny, ile ya 2016 iliyojengwa juu ya wimbo wa Saida, na besi ikashuka chini, nzito, bila kufunika maneno. Nimezirudia zote mbili mpaka watu wa nyumbani wakaja kukaa nami.

Lakini kilichonimaliza ni enanga. Chombo hiki cha Wahaya hakina makelele: nyuzi zimetandazwa juu ya ubao uliochongwa kama sinia, na mpigaji anaimba karibu na kuongea, akisimulia habari za mashujaa. Ukiwa na mngurumo kwenye spika, nusu ya masimulizi imekwenda. Hapo ndipo SU-1 inapolipa kila senti. Nyuma ina tundu la USB, la koaksia na la waya wa mwanga, na huo waya wa mwanga ndio habari kubwa kwetu huku! Ndani yake unapita mwanga peke yake, umeme haupiti hata chembe, kwa hiyo kelele ya chaja au ya inveta haina njia ya kuvuka. Jaribu hivi: unganisha laptopu na sabufa, chomeka chaja, sikiliza mngurumo, chomoa chaja. Mngurumo ukitoweka, dawa yako ni waya wa mwanga. Nimetoa sauti kwenye televisheni kwa waya huo, na kati ya uzi mmoja wa enanga na mwingine pako kimya kabisa. (Kwenye mipangilio ya sauti ya televisheni chagua PCM; ukiacha Dolby, kiboksi hakitatoa sauti.)

Chipu yake ni AK4493S ya Asahi Kasei ya Japani, kampuni ambayo kiwanda chake cha Nobeoka kiliungua Oktoba 2020 na kuwaacha watengenezaji wa vifaa vya muziki wakihangaika kutafuta chipu nyingine. Kuikuta tena kwenye kifaa cha bei hii kunanifurahisha mno! Kwenye boksi watakuringia namba 768,000 kwa sekunde. Usinunue kwa ajili ya hiyo. Nunua kwa sababu ya utulivu, na kwa sababu kinakula volti 5 tu, sawa na simu: umeme ukikatika, pawabenki inakibeba.

Ila ujue unachonunua. Hakina kitufe cha kuongeza sauti wala tundu la hedifoni. Sauti inatoka kwa waya wa AV, zile pini nyekundu na nyeupe, na sabufa ndiyo inayopandisha na kushusha. Wimbo uliorushwa WhatsApp mara kumi hakiwezi kuufufua, hivyo tafuta faili nzuri au CD halisi. Anayesikiliza kwa hedifoni peke yake achukue FiiO KA11, kijiti kinachochomekwa kwenye simu kwa kama dola 30. Kile kiunganishi cha Apple cha dola 9 nacho kina DAC safi ajabu ndani yake, ila kwenye simu nyingi za Android sauti hutoka ndogo.

Jumapili kinapanda Muleba, hadi Kamachumu, kwenye nyumba ya sola yenye sabufa ya betri ya volti 12. Nimeomba wanipigie picha mgongo wa televisheni yao: tundu la mwanga lipo! Waya nimeshanunua, mita mbili, na enanga iko kwenye flashi.